Mpokeaji wa akiba ana thamani gani? Jibu kwa shabiki wa Dallas

SWALI: Shikamoo kocha. Natokea Mwanza, sasa naishi Fort Worth, Texas. Kazini kwetu karibu wote ni mashabiki wa Dallas Cowboys, timu ya mpira wa Kimarekani, na mpaka leo tukikaa kula wanagombana kuhusu Jonathan Mingo, yule mpokeaji (mdakaji wa mipira inayotupwa) aliyeletwa kutoka Carolina Novemba 2024 kwa chaguo la raundi ya 4, yaani zamu ya timu kuchagua kijana kwenye drafti, ile siku ya kugawana wachezaji wapya kutoka vyuoni. Mmoja anasema timu iliibiwa. Mwingine anasema raundi ya 4 si kitu, watu wanapiga kelele bure. Mimi nimezoea mpira wetu wa miguu: mchezaji wa akiba ananunuliwa kwa pesa, anakaa benchi, yameisha. Naomba unieleze mpokeaji wa akiba anafanya kazi gani hasa hadi timu itoe kitu cha maana kwa ajili yake, na nitajuaje kama bei ni halali.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nikwambie kwanza niliposimama. Mimi naamini Dallas walilipa kupita kiasi. Lakini sababu ninayoisikia kila mahali, kwamba Mingo hajui mpira, siikubali. Kijana hakuwa tatizo. Alinunuliwa bila kazi maalumu iliyokuwa ikimsubiri, tena katika wiki ambayo hata angekuwa bora mara mbili asingeokoa msimu.

Mambo yalikwenda hivi. Tarehe 5 Novemba 2024 ilikuwa siku ya mwisho ya timu za NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, kubadilishana wachezaji msimu ule. Cowboys wakawapa Carolina Panthers chaguo lao la raundi ya 4 katika drafti ya 2025, wakapokea Mingo pamoja na chaguo la raundi ya 7. Mingo alikuwa na miaka 23. Panthers walimchagua mwaka 2023 akiwa wa 39 kwa jumla, raundi ya 2, kutoka Chuo Kikuu cha Mississippi. Msimu wake wa kwanza alidaka mipira 43 kwa yadi 418, bila tachidauni (bao la kuufikisha mpira eneo la mwisho) hata moja. Msimu wa pili, hadi siku anaondoka Carolina, alikuwa na mipira 12 na yadi 121. Alipofika Dallas alicheza mechi 8, akadaka mipira 5, yadi 46.

Sasa tazama siku mbili kabla ya biashara hiyo. Novemba 3, wakicheza na Atlanta, kwotabeki wao, yaani mtupaji wa mipira anayeongoza mashambulizi, Dak Prescott, aliumia vibaya msuli wa nyuma ya paja. Dallas wakafungwa, wakawa na ushindi 3 na vipigo 5. Brandin Cooks, mpokeaji wao wa pili, alikuwa nje kwa goti. Hapo ndipo wakaenda sokoni. Prescott hakurudi msimu ule, na timu ikamaliza na ushindi 7 na vipigo 10.

Ukiona wenzako wanapandisha sauti kwa mipira 5, ujue hawamzungumzii Mingo peke yake. Dallas wana historia na wapokeaji wa kununua, na mashabiki wa makamo wanaikumbuka yote. Mwaka 2000 walitoa machaguo 2 ya raundi ya 1 kumpata Joey Galloway kutoka Seattle. Akachanika kano ya goti kwenye mechi ya kwanza kabisa ya msimu. Mwaka 2008 walitoa raundi ya 1, ya 3 na ya 6 kumpata Roy Williams kutoka Detroit; katika mechi 10 zilizobaki alidaka mipira 19 tu. Kisha Oktoba 2018 walitoa raundi ya 1 kwa Amari Cooper, watu wakaguna tena, na safari hii Jerry Jones, mmiliki wa timu ambaye ndiye pia msimamizi wa usajili, akawa sahihi. Cooper alileta yadi 725 na tachidauni 6 katika mechi 9, Dallas wakatoka ushindi 3 na vipigo 4 (3–4) hadi 10–6 na kuchukua ubingwa wa kundi lao. Kwa hiyo ofisi ya Cowboys inaposema "tuaminini, huyu atatusaidia", kuna shabiki anayemkumbuka Cooper na kuna anayemkumbuka Williams. Hao hawawezi kuelewana mezani.

Niingie kwenye kazi yenyewe, maana ndilo swali lako la msingi.

Timu ya NFL ina wachezaji 53, na siku ya mechi wanaoruhusiwa kuvaa jezi hawazidi 48. Katika hao 53 wapokeaji huwa 5 au 6. Watatu wa kwanza ndio wanaokuwa uwanjani muda mwingi wa mashambulizi. Ukishuka hadi wa nne na wa tano, kazi inabadilika kabisa, na hapa ndipo shabiki wa mpira wetu wa miguu anapopotea. Mpokeaji wa nne halali benchi akingoja dakika ya 80. Anacheza kwenye vikosi maalumu, yaani nyakati mpira unapopigwa kwa mguu. Timu ikiamua kuupiga mpira mbali, kuna mtu mmoja kila pembeni ambaye kazi yake ni kukimbia kama mshale yadi 40 na zaidi, huku watu wawili wakimsukuma na kumzuia, amfikie anayeudaka mpira na kumwangusha papo hapo. Mtu huyo mara nyingi ni mpokeaji wa akiba. Vilevile yeye ndiye anayeweza kuwekwa kudaka mipira hiyo ya mguu na kukimbia nayo kurudi. Makocha wengi wakifika kwenye nafasi ya mpokeaji wa tano huuliza kwanza kuhusu vikosi maalumu, mikono baadaye.

Kazi ya pili ni kuziba pengo lolote. Kuna mpokeaji anayesimama kwenye mstari wenyewe ambapo mpira unaanzia, na kupokea mikono ya beki kifuani mwanzo wa kila shambulizi. Kuna anayesimama hatua moja nyuma ya mstari, ambaye ndiye anayeruhusiwa kutembea upande kwa upande kabla mpira haujaanza. Na kuna wa ndani, karibu na miamba ya mstari wa mbele, anayekutana na mabeki wa kati. Nyota anajifunza nafasi moja au mbili na kuzimiliki. Wa akiba anatakiwa kuzijua zote tatu, kwa sababu hajui ni nani ataumia.

Hebu tuchukue shambulizi moja tulitazame kwa karibu. Mpokeaji wa ndani anaambiwa akimbie yadi 12 moja kwa moja. Hadi hapo rahisi. Lakini akiwa njiani anatakiwa kuangalia mabeki wa nyuma kabisa. Akiona mmoja tu katikati, anaendelea kupanda pembeni ya huyo beki. Akiona wawili wametengana, anakata kuingia katikati yao. Kwotabeki anaangalia watu walewale kwa wakati uleule, na anautupa mpira kabla mpokeaji hajageuka. Anautupia mahali, si mtu. Mpokeaji akisoma mmoja wakati mwenzake amesoma wawili, mpira unamkuta beki amesimama peke yake, na jioni yake redioni watu wanamlaumu kwotabeki. Nimewafundisha vijana wa shule wasomaji wazuri na wenye kasi ya ajabu, na hili ndilo linalochukua muda kuliko yote. Halifundishiki kwa kuonyeshwa ubaoni, mpaka watu wawili warudie pamoja kwa wiki nyingi.

Mchezaji anayeletwa mwanzoni mwa Novemba hana wiki nyingi. Wiki ya kazi ya NFL ina siku chache za mazoezi, na zote ni za kumwandalia mpinzani wa Jumapili. Hakuna nafasi ya kumfundisha mgeni lugha ya timu kutoka mwanzo. Ongeza kwamba Mingo alikuta kwotabeki wa kwanza ameumia, hivyo hata yale mazoea aliyotakiwa kuyajenga hakuwa na wa kuyajenga naye.

Ndiyo maana mfano wangu wa mpokeaji wa akiba aliyenunuliwa vizuri ni Mecole Hardman. Alikuwa Kansas City Chiefs kuanzia 2019 hadi 2022, akaenda New York Jets, akadaka mpira 1 wa yadi 6. Oktoba 2023 Chiefs wakamrudisha, yeye na chaguo la raundi ya 7, kwa chaguo la raundi ya 6. Hakuna aliyeshangilia. Kwenye mechi ya mtoano dhidi ya Buffalo aliachia mpira ukatoka nje kupitia eneo la mwisho, ukawa wa wapinzani, na mashabiki wa Kansas City walitaka aondoke usiku uleule. Lakini Februari 11, 2024, mjini Las Vegas, fainali na San Francisco ikaenda muda wa nyongeza. Chiefs wako nyuma 22–19, wako yadi 3 kutoka mstari wa ushindi. Hardman anaanza kutembea kuelekea ndani kabla mpira haujaanza, beki anamfuata, kisha ghafla anageuza kurudi nje alikotoka. Beki amebaki. Kwotabeki Patrick Mahomes anamwekea mpira mikononi, 25–22, ubingwa.

Mtindo huo wa kuingia ndani na kugeuza ghafla Chiefs walikuwa wameutumia kwenye fainali ya mwaka uliotangulia pia, dhidi ya Philadelphia, wakafunga nao tachidauni 2, moja kwa Kadarius Toney na nyingine kwa Skyy Moore. Hardman alirudi nyumba ambayo anazijua kona zake. Hawakuwalipa Jets kwa sababu ya yadi zake. Walilipa ili wapate mtu asiyehitaji kufundishwa.

Toney mwenyewe ni kisa kinachofaa kuwapa wenzako, maana kinazisaidia pande zote mbili. Chiefs walimchukua kutoka New York Giants Oktoba 2022 kwa raundi ya 3 na ya 6. Bei hiyo ni juu ya ile ya Mingo. Kwenye fainali hiyo ya Februari 2023, zaidi ya tachidauni yake, alirudisha mpira wa mguu yadi 65, mrefu kuliko wowote katika historia ya fainali za NFL, na Chiefs wakashinda 38–35. Je, bei ilikuwa halali? Kwa jioni ile moja, ndiyo, na ningeilipa tena. Desemba 2023, dhidi ya Buffalo, alisimama mbele ya mpira kabla haujaanza, tachidauni ambayo ingewapa uongozi dakika za mwisho ikafutwa, wakafungwa 20–17. Mpokeaji wa akiba anapewa nafasi chache, na kila moja inaonekana na dunia nzima.

Upande wa hasara orodha ni ndefu. Kinachonisumbua ni jinsi inavyofanana. New England walitoa raundi ya 2 mwaka 2019 kumpata Mohamed Sanu, akaumia kifundo cha mguu akirudisha mpira wa mguu, akamaliza na mipira 26 na yadi 207, na kabla ya msimu uliofuata wakamwacha. Baltimore walimchukua Diontae Johnson mwishoni mwa Oktoba 2024 kwa bei ndogo kabisa, raundi ya 5 huku wakirudishiwa ya 6. Alidaka mpira 1. Desemba 1 alikataa kuingia uwanjani dhidi ya Philadelphia, akafungiwa mechi 1, kisha wakaachana naye. Johnson alikuwa mchezaji bora kuliko Hardman kwa kipimo chochote cha kipaji. Lakini alikuwa namba moja alikotoka, na Baltimore walimpa kazi ya namba nne. Kuna watu hawaiwezi kazi hiyo, na si dhambi, ila aliyenunua alitakiwa kulijua hilo kabla.

Kisa kilicho karibu zaidi na chenu ni cha Chicago. Oktoba 30, 2022, Bears walifungwa na Cowboys hawahawa 49–29, wakawa 3–5. Siku 2 baadaye wakatoa chaguo la raundi ya 2 kwa Pittsburgh, wakamleta Chase Claypool. Hawakushinda tena mechi hata moja, wakamaliza 3–14, na chaguo walilolitoa likawa la 32 kwa jumla, yaani karibu sawa na raundi ya 1. Pittsburgh wakamchukua beki Joey Porter Jr. Claypool alidaka mipira 18 katika mechi 10 za Bears, kisha akapelekwa Miami kwa makombo. Angalia mtego ulivyo: timu mbovu ndizo zinazochagua mapema kwenye drafti. Ukitoa chaguo lako ukiwa 3–5, kila kipigo kinachofuata kinaongeza thamani ya ulichokwisha kukitoa.

Hapo tumefika kwa yule mwenzako anayesema raundi ya 4 si kitu. Drafti ina raundi 7, na kuna jedwali maarufu la thamani ya machaguo lililotengenezwa Dallas kwenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1990, enzi za kocha Jimmy Johnson. Chaguo la kwanza kabisa lina pointi 3,000. Chaguo la raundi ya 4 halifiki hata 120. Kwa hesabu hiyo ana haki. Wengi wanaochaguliwa raundi ya 4 hawafiki mbali, wanapita kwenye ligi wakasahaulika. Ila mkumbushe kwamba Prescott mwenyewe alichaguliwa raundi ya 4, namba 135, mwaka 2016. Amon-Ra St. Brown wa Detroit, raundi ya 4, namba 112, mwaka 2021. Na katika drafti ileile ya 2023 ambayo Mingo alikuwa wa 39, Los Angeles Rams walimpata Puka Nacua akiwa wa 177, raundi ya 5, naye akaweka rekodi ya wachezaji wapya kwa mipira 105 na yadi 1,486. Chaguo la raundi ya 4 ni kijana mmoja kwa mkataba wa miaka 4 wa mshahara mdogo. Mara nyingi hawi kitu, lakini hata asipokuwa nyota, anaweza kuwa huyohuyo mpokeaji wa tano anayekimbia kwenye vikosi maalumu.

Nitende haki pia kwa waliomtetea Jones, kwa sababu hoja yao si ya kipuuzi. Mingo alikuwa bado na mkataba wake wa kwanza hadi mwisho wa 2026. Malipo ya kusaini yalibaki kwenye hesabu za Carolina. Dallas walibeba mshahara mdogo uliobaki. Ligi ina kikomo cha mishahara, dola milioni 255.4 kwa kila timu mwaka 2024, na mpokeaji wao wa kwanza CeeDee Lamb na Prescott walikuwa wametoka kupewa mikataba minono. Timu ya namna hiyo inahitaji wapokeaji wa bei nafuu. Pia Carolina wakati ule palikuwa mahali pagumu kwa mpokeaji yeyote kukua. Kwa hiyo ukisema walimnunua kwa ajili ya 2025 na 2026, wala si kwa Novemba ile, nakuelewa. Ila hapo swali langu linakuwa kali zaidi: kama ni mradi wa miaka 2, haraka ya siku ya mwisho ilitoka wapi? Mchezaji aliyekwisha kushuka Carolina bei yake Machi ingekuwa ndogo zaidi.

Jibu walilitoa Dallas wenyewe miezi 6 baadaye. Mei 2025 walimchukua George Pickens kutoka Pittsburgh, wakatoa raundi ya 3 ya 2026 na raundi ya 5 ya 2027, wakarudishiwa ya 6. Pickens alikuwa ametoka kwenye msimu wa yadi 900. Ziweke biashara hizi mbili kando kwa kando. Tofauti ya raundi ya 3 na ya 4 ni hatua moja, lakini upande mmoja umepata mtu wa kuanza kila mechi, tena aliyekuja na kambi nzima ya kiangazi mbele yake ya kujifunza. Kwangu mimi hiyo ndiyo kesi dhidi ya biashara ya Mingo, wala sihitaji kumtukana kijana wa watu.

Usidhani nimekupa kipimo kisichokosea. Agosti 2025 Minnesota Vikings walimrudisha Adam Thielen, mzaliwa wa jimbo lao, aliyekwisha kucheza chini ya kocha huyohuyo mwaka 2022. Mpokeaji wao Jordan Addison alikuwa amefungiwa mechi 3, kwa hiyo kazi ilikuwepo, wazi kabisa. Kwa maelezo yangu yote hapo juu, ilikuwa biashara safi. Thielen alikuwa na miaka 35, alidaka mipira 8 tu, na Desemba wakaachana. Miguu nayo ina usemi wake.

Kwa hiyo siku nyingine simu ikilia kwamba timu imemleta mpokeaji wa akiba, usikimbilie kutafuta yadi zake. Tafuta kwanza amewahi kucheza chini ya kocha gani, na kama kocha huyo au msaidizi wake yuko kwenye timu mpya. Tazama kama amewahi kucheza kwenye vikosi maalumu au alikuwa nyota asiyeguswa. Angalia mkataba umebaki miaka mingapi. Tazama tarehe: mwishoni mwa Agosti, timu zinapopunguza watu kutoka 90 hadi 53, wapokeaji wa akiba wanapatikana kwa raundi ya 6 au ya 7, wengine bure kabisa, na wana msimu mzima mbele yao. Mwanzoni mwa Novemba bei inapanda na muda wa kujifunza unakwisha. Mwisho, angalia msimamo wa ligi siku ile. Timu yenye ushindi 7 na kipigo 1 ikitoa raundi ya 4, mimi sibishani nayo. Yenye ushindi 3 na vipigo 5, kwotabeki akiwa njiani kwenda kufanyiwa upasuaji, hiyo nitabishana nayo hadi mwisho wa chakula cha mchana.